Matanga ya Mafundi Bomba Kumi na Saba

Wananchi wote wanaarifiwa kwamba katika mwaka wa 1998, mwaka wa pili wa vikwazo, wakati petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa na sukari inatazamwa kama picha ya harusi, nchi yetu ilifaulu kuzalisha kitu kimoja kwa wingi bila msaada wa jirani yeyote: upungufu.

Upungufu huo haukuachwa uzurure ovyo kama mbuzi wa mtaa wa Bwiza. Ulikuwa na ofisi yake, Ofisi ya Taifa ya Upungufu wa Ujuzi, ghorofa moja, madirisha kumi na mawili, bendera moja, hatua mia mbili kutoka soko kuu la Bujumbura. Na ofisi ilikuwa na Mkurugenzi Mkuu, Maxime Nibaruta, mwenye tai tano na kalamu tatu, aliyeulinda upungufu wa taifa kama kuku anavyolinda mayai, yaani kwa kuukalia.

Kila mwaka aliuhesabu. Mafundi umeme, hawatoshi. Maseremala, hawatoshi. Mafundi bomba, pungufu kumi na saba kamili. Hiyo kumi na saba aliipenda kuliko zote. Aliivumbua mwenyewe mwaka 1995, akiwa peke yake ofisini baada ya chakula cha mchana, na tangu siku ile haijabadilika hata kwa mtu mmoja, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa sahihi.

Ushahidi wake ulikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wa kushoto. Choo cha ofisi kilikuwa kimeziba kwa miezi kumi na minne. Mtu asiyeelewa utawala angeita fundi. Maxime alielewa. Alitundika kibao mlangoni: USHAHIDI NAMBA 1. USIGUSE. Wafanyakazi wakawa wanakwenda kujisaidia kwa jirani muuza vitenge, aliyewapokea kwa uso wa mtu anayetozwa kodi mara mbili.

Tusije tukasema kwamba mafundi hawakujitokeza. Alijitokeza Uthmani wa Bwiza, fundi bomba mwana wa fundi bomba, mwenye vidole kama koleo. Alijitokeza mara kumi na moja.

"Diploma iko wapi?" Maxime alimwuliza mara ya kumi na moja, kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

"Shefu, shule ilichomwa. Na hata ingekuwako, baba yangu ndiye alikuwa anafundisha walimu."

"Basi lete cheti cha baba."

"Baba hakujua kuandika."

"Unaona?" Maxime alitikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. "Upungufu huu umeanza zamani."

"Mais shefu, choo iko hapa, mi niko hapa, spana iko hapa. Dakika kumi tu!"

"Bwana Uthmani, faili lako liko njiani. Rudi Alhamisi."

Alhamisi ya lini, hakusema. Mtumishi mzuri hajifungi kamba mwenyewe.

Sasa basi, mwezi wa tano ikaja barua kutoka Geneva. Shirika lililokuwa likiilisha ofisi lilikuwa linamtuma Madame Ingrid, aje kwa ndege ya misaada siku ya Ijumaa, aone upungufu kwa macho yake. Akiuona, ofisi inaongezewa miaka mitano na gari jeupe lenye antena. Asipouona, ofisi inafungwa.

Maxime aliisoma barua mara tatu, na kila mara aliposoma alikiona chumba. Kwa sababu villa aliyoishi, jumba lile la Kiriri, yenye maua ukutani na upepo wa mlimani, haikuwa yake; ilikuwa ya ofisi. Ofisi ikifungwa, Maxime anarudi mtaani Musaga, chumba cha nyuma kwa mama mkwe, pale alipoanzia maisha ya ndoa, katikati ya kibanda cha sungura na bomba linalovuja tone baada ya tone mpaka asubuhi. Angeweza kuvumilia vita. Vikwazo aliviweza. Lile tone hapana.

Chini ya barua kulikuwa na sharti moja: kazi kumi na saba za fundi bomba zitangazwe redioni, kwa umma, na ithibitike kwamba hakuna aliyejitokeza.

"Shefu, tukitangaza watakuja," alisema Chanelle, mpiga chapa wake, binti mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Uthmani peke yake atakuja mara mbili."

"Chanelle, kuna watu wa kupiga chapa na kuna watu wa kufikiri. Saa ya matangazo ya kazi, nani anasikiliza?"

"Wenye kutafuta kazi."

"Na saa ya matangazo ya vifo?"

"Iyo ni nchi muzima, shefu. Hata redio zenye hazina betri."

"Wanatafuta kazi saa hiyo?"

Chanelle aliinamisha macho kwenye mashine. "Apana. Wanatafuta kama mutu wao yuko ndani."

"Voilà! Tangazo litasomwa, umma utasikia, sheria itaridhika. Na hakuna atakayekuja na bahasha."

Ikaletwa fomu ya msiba ya redio, karatasi yenye ukingo mweusi. Kisanduku cha kwanza kiliuliza: Jina kamili na cheo cha mhusika. Maxime hakuwahi maishani mwake kuacha kisanduku cha namna hiyo wazi. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na cheo, na cheo cha zamani, na nishani.

"Shefu, mi naona hapo wanaandikaga marehemu."

"Wanaandika mtu muhimu," alisema Maxime, akapiga mhuri. Nakala tatu: moja ya redio, moja ya kumbukumbu, na ya tatu ikaenda Idara ya Majina ya Watumishi, ambayo hupokea nakala ya kila fomu yenye ukingo mweusi, huisoma kwa makini, na haiulizi swali.

Jumanne saa sita na nusu, baada ya muziki ule wa kinanda unaofanya sahani zisimame hewani, sauti nzito ilisema kwamba Ofisi ya Taifa ya Upungufu wa Ujuzi na Mkurugenzi Mkuu wake, Bwana Maxime Nibaruta, wanasikitika kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki kwamba wamepungukiwa na mafundi bomba kumi na saba. Wanaohusika wakutane ofisini, karibu na soko kuu.

Kila neno lilikuwa la kweli. Saa ndiyo iliyolivalisha nguo nyeusi.

Na mwaka ule, ukisikia kumi na saba, hukuuliza imekuwaje. Uliuliza wamevamiwa barabara gani.

Wa kwanza kufika, saa saba na robo, alikuwa Daphrose, mama mkwe, kutoka Musaga, na sufuria ya maharage kichwani. Maxime alisimama haraka, akafunga kifungo cha koti, akatazama chini kama inavyompasa mkwe.

"Mukwe wangu! Kumi na saba! Siku moja!"

"Mama, tafadhali, ni mambo ya kiutawala..."

"Usiseme kitu. Vua viatu."

"Mama, nina kikao."

"Mwenye msiba hana kikao. Chanelle, mutoto wangu, lete mukeka."

Mtu anaweza kumpinga waziri. Waziri hubadilishwa. Dakika tano baadaye Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameketi chini uani, soksi tupu, na nyuma ya Daphrose walikuwa wanaingia wengine, majirani wa Musaga, wauzaji wa soko, wazee wa Bwiza na kofia zao, kwaya ya parokia moja iliyokuwa mazoezini. Wenye kuni walileta kuni. Mtu akaja na shitingi ya bluu, turubai la misaada, na kabla Maxime hajauliza ina mhuri wa nani ilikuwa tayari imefungwa kwenye mlingoti wa bendera, imekuwa kivuli.

Alijaribu kusimama awaeleze. Wakamrudisha chini kwa upendo.

"Acha, bwana. Uchungu unasemesha."

Ndipo akaja Kudra, mke wa Uthmani. Huyu hakulia. Alipita katikati ya watu, kiatu kimoja mguuni, akapiga magoti mbele ya Maxime.

"Ametoka alfajiri. Ameitwa kutengeneza bomba huko juu ya Kamenge. Chai alikunywa kwa mukono wa kushoto, sababu wa kuume ilikuwa na spana." Akamshika goti. "Bwana Direkteri, mi sitaki maneno. Nionyesheni tu penye yuko. Nimuoshe, nimuvalishe sanda."

"Mama, hakuna mtu aliye... Kumi na saba ni takwimu."

"Takwimu?" Kudra alimkamata mkono. "Iko hospitali gani iyo?"

Maxime alipapasa koti akitafuta kalamu.

Na hapo getini akaingia Uthmani mwenyewe, kofia mkononi, mfuko wa vyombo begani, macho mekundu.

"Poleni, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumebaki wangapi?"

Kudra aliinuka. Akamwendea pole pole, akamgusa shavu kama anayepima joto la mtoto, kisha akampiga kofi lililosikika mpaka sokoni.

"Redio imesema umekufa!"

"Mimi? Redio imesema mafundi! Mi ofisi hii imenikatalia ufundi mara kumi na moja. Nikasema, hao ni wengine, wenye diploma. Nikaacha bomba ya watu wazi, nikaja kuwalilia."

Kudra akacheka, akalia, akampiga tena, akamkumbatia pamoja na spana zake. Na wanawake wakapiga vigelegele. Maana katika mji ule watu walikuwa wamezoea majina kutangazwa redioni, lakini hakuna aliyezoea jina kurudi kwa miguu.

Hawakumaliza kushangilia, akaingia fundi wa pili, kutoka mtaa wa Buyenzi, amekuja kuwalilia wenzake. Vigelegele. Wa tatu na wa nne wakaja kwa baiskeli moja. Vigelegele. Kila fundi bomba wa Bujumbura alikuwa amejiona kuwa ndiye wa mwisho duniani, akanawa uso, akaja matangani. Walikumbatiana kama waliofufuka. Chanelle, kwa mazoea ya kazi, alikuwa anawahesabu kwa kalamu. Ilipofika saa kumi alimwinamia mkubwa wake.

"Shefu, kumi na tisa."

"Haiwezekani," alinong'ona Maxime, rangi imemtoka. "Hiyo ni ziada ya wawili."

Sasa mtu angesema, marehemu wote wamefika, basi watu warudi makwao. Huyo hawajui watu wetu. Maharage yalikuwa motoni. Matanga yakishawekwa hayavunjwi kama kambi ya skauti. Yanaondolewa siku yake, kwa utaratibu wake, na Daphrose alishasema siku yake ni Ijumaa. Tena furaha ya namna ile, mwaka ule, nani angeikatisha ili aende nyumbani kungoja saa ya kutotoka nje? Saa hiyo ilipofika walikwenda kulala, na Jumatano asubuhi wakarudi, wengi kuliko jana.

Na watu wengi wanahitaji choo.

"Hapo apana!" Maxime aliruka kutoka mkekani alipomwona Uthmani mbele ya Ushahidi Namba 1, mikono ya shati imekunjwa. "Hiyo ni mali ya utafiti! Miezi kumi na minne ya kazi ya kitaifa!"

"Shefu, kuna wamama hamsini na tatu uani. Na huyu muuza vitenge amefunga mulango."

"Huna diploma!"

"Ni kweli, shefu," alisema Uthmani kwa heshima. "Mi nagusa kama mufiwa tu."

Dakika saba. Maji yalishuka na ngurumo ya mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa, na watu wakapiga makofi. Kilichokuwa kimeziba kilitolewa, kikaoshwa, kikaonyeshwa hadharani: lilikuwa faili. La Uthmani mwenyewe, ombi la kwanza, pamoja na picha mbili za pasipoti.

"Basi kweli lilikuwa njiani," alisema Uthmani.

Maxime alikaa chini mwenyewe safari hii.

Jambo baya likishaanza halina adabu. Wazee walitaka mahali pa kutawadha. Mafundi wawili wakavuta bomba mpaka uani. Kwaya ilitaka taa. Fundi umeme wa Bwiza, mjomba wa mtu fulani, akaamsha nyaya zilizolala tangu 1994. Seremala akanyoosha mlango wa mapokezi, ambao kwa miaka minne watu walikuwa wanaufungua kwa bega. Daphrose aliwagawia wote kazi kwa kunyoosha kijiko cha mti, we kuni, we maji, we kaa na mukwe wangu asifanye kazi. Hakuuliza diploma. Aliuliza, "We unaweza nini?" na mtu akisema anaweza, anamwambia, "Fanya tuone." Kufika Alhamisi jioni hapakuwa na kitu kibovu katika jengo lile isipokuwa takwimu.

Ijumaa saa nne akaja Madame Ingrid, mwanamke mrefu, daftari kifuani, vumbi la uwanja wa ndege kwenye viatu. Alikuta shitingi, sufuria, kwaya, wazee na tasbihi zao, na Mkurugenzi Mkuu ana ndevu za siku tatu na soksi iliyotoboka, kwa kuwa mfiwa hanyoi wala havai viatu.

"Madame, hawa wote unaowaona," alisema Maxime akijikusanya, "ni upungufu."

"Ni wengi," alisema Ingrid.

"Ni upungufu mkubwa."

Ingrid aliandika. Kisha, baada ya safari ndefu ya ndege isiyo na starehe, aliuliza jambo la kibinadamu: choo kiko wapi?

Ua wote ukageuka kutazama mwisho wa ukumbi. Maxime alifumba macho. Alijiambia kwamba kitu kilichokataa miezi kumi na minne kinaweza, kwa uzalendo tu, kukataa tena siku moja. Akamwomba Mungu, akaongeza na wahenga.

Maji yakashuka. Kwa nguvu, kwa furaha, bila kusita.

"Haleluya," alisema mwanakwaya wa sauti ya nne.

Ingrid alitoka anatabasamu, mikono imelowa. "Kwa mwaka huu, katika nchi sita, hiki ndicho choo cha kwanza cha ofisi kinachofanya kazi. Nani fundi?"

Mikono kumi na tisa ikainuka. Uthmani akainua yote miwili.

Ingrid aliwaandika palepale, majina na mitaa, huku Chanelle akimtafsiria. Kambi za wakimbizi wa ndani zilikuwa na mabomba makavu, alisema, na fedha za kuyatengeneza zilikuwa zimelala Geneva mwaka mzima, kwa sababu taarifa rasmi ilisema hakuna mafundi. "Sahihi ya nani ile taarifa?" aliuliza. Watu wakatazama soksi iliyotoboka.

"Bado nina nafasi yangu!" Maxime alisimama. "Taratibu zipo! Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu!"

Hapo ndipo tarishi wa Idara ya Majina ya Watumishi aliposhuka kwenye baiskeli na bahasha yenye ukingo mweusi. Chanelle akaifungua, akaisoma kwanza kimya, kisha, kwa kuwa ni mfanyakazi mwaminifu, akaisoma kwa sauti.

"Kufuatana na fomu ya msiba ya Jumanne, Idara inatoa rambirambi kwa kifo cha mhusika, Mheshimiwa Maxime Nibaruta. Jina lake limefutwa kwenye orodha ya watumishi. Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu iko wazi. Villa irudishwe."

"Niko hai! Mnaniona niko hai!"

"Mi nakuona, shefu," alisema Chanelle. "Mais Idara inataka cheti cha kuwa hai."

"Nipe basi nipige mhuri!"

"Kinasainiwa na Mukurugenzi Mukuu." Alipekua karatasi. "Mwenye yuko hai."

"Nitaomba upya kazi yangu!"

"Bon. Diploma yenye kuthibitishwa, nakala tano. Na cheti kutoka kwa mwajiri wa mwisho, kwamba ulifanya kazi nzuri mpaka ukafa. Masharti ni yako, shefu. Mi nilipiga chapa tu."

Uthmani akamwekea mkono begani, kwa wema kabisa. "Usiogope, muzee. Mi niliomba mara kumi na moja. Ile ya kwanza ndiyo inauma."

Daphrose akagonga sufuria kwa kijiko, akatangaza kwamba matanga yameondolewa, msiba umekwisha, marehemu amepatikana ni mmoja tu, na asante kwa waliokuja ni maharage yaliyobaki. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Vaa viatu. Chumba kiko tayari. Nimefagia Jumanne, kabla ya kuja."

Ofisi ilifungwa mwezi uleule. Jengo likawa la Ushirika wa Mafundi Bomba, Chanelle mezani mbele, na mafundi kumi na tisa wakawa wanatoka asubuhi na kurudi jioni, wamelowa na wanapiga kelele, na kambini watu wakichota maji. Kazi iliwazidi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, ukimtafuta fundi bomba mjini Bujumbura humpati, na hesabu hiyo haikuvumbuliwa na mtu.

Maxime aliithibitisha mwenyewe. Baada ya wiki tatu za lile tone alishuka kutoka Musaga, macho yamevimba, akapanga foleni mbele ya meza ya Chanelle, na jioni akamkuta Uthmani anavua viatu vya mpira.

"Uthmani, ndugu yangu. Bomba la mama. Dakika kumi tu."

Uthmani alitazama daftari. Akalifunua mbele, akalifunua nyuma, akalifunga. Sauti yake ilikuwa na upole wote wa utumishi wa umma.

"Bomba yako iko njiani, muzee. Rudi Alhamisi."